UZI: Miguu mifupi ya Boeing 737, na miaka hamsini ya kutafuta nafasi ya injini chini ya bawa

Fundi Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za jioni. Wagosi wenzangu wa Tanga na wageni wote, karibuni.

Kila nikirudi nyumbani kuna swali halinikosi barazani: mbona injini za Boeing 737 zimebapa chini, hazina mviringo kamili kama za ndege nyingine? Wengi wanaouliza wameziona 737-800 za Kenya Airways pale Dar. Nimeamua nilijibu kwa kirefu, kwa sababu ukilifuata swali hilo unaipata habari nzima ya ndege hii, tangu 1967 hadi toleo lake la kizazi kipya, MAX 9, inayobeba ndugu zetu leo. Mimi ni fundi ndege kwa kazi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ufupi wa miguu ya 737 ulikuwa uamuzi wa busara, tena uliofikiria viwanja duni kama vyetu. Wahandisi waliofuata walifanya kazi ya kutukuka kuongeza uwezo wa ndege bila kuurefusha mguu. Lakini kwenye kizazi cha mwisho, MAX, rubani alifichwa jambo, na hilo silitetei.

Twende mwanzo. Katikati ya miaka ya 1960 Boeing walikuwa na 707 ya masafa marefu na 727 ya masafa ya kati. Ndege ndogo ya safari fupi hawakuwa nayo, na wapinzani wao, DC-9 ya Marekani na BAC One-Eleven ya Uingereza, walishawatangulia. Hizo zote mbili injini ziko mkiani. Mhandisi Joe Sutter, huyu huyu aliyekuja kuongoza kazi ya 747, alichukua mchoro wa ndege yenye injini mkiani, akazikata zile injini kwa mkasi, akawa anazihamisha juu ya karatasi akitafuta pa kuziweka. Chini ya bawa, zikiwa zimegandamana na bawa lenyewe, zikakaa. Mwili ukapewa upana ule ule wa 707, mita 3.76, viti sita kwa mstari. 737 ya kwanza iliruka tarehe 9 Aprili 1967, na Lufthansa wakaanza kubeba abiria nayo Februari 1968.

Sasa tazama kimo chake. Ndege ilikusudiwa ikae karibu na ardhi. Mpakiaji anasimama chini na kuingiza begi kwa mikono yake, hahitaji mtambo wa kunyanyua. Ngazi ya abiria inaweza kukunjwa ndani ya ndege yenyewe, chini ya mlango. Fundi anaifungua injini akiwa amesimama. Kwa kiwanja kisicho na kitu zaidi ya njia ya kurukia na kibanda cha kungojea, hiyo ni neema. Hata magurudumu makubwa hayana milango ya kuyafunika: yakishakunjwa, ubavu wa gurudumu unabaki wazi tumboni, umefunikwa kisahani tu. Ikipita juu yako ikiwa imetoka kuruka, angalia katikati ya tumbo, utaona duara mbili nyeusi. Milango ni uzito, na ni kitu kingine cha kuharibika.

737-200 walienda mbali zaidi, wakaitengenezea vifaa vya kutua kwenye changarawe. Hapa naomba mniruhusu nikawie kidogo. Nyuma ya tairi la pua kuna bamba la kuzuia mawe yasirushwe tumboni. Halafu chini ya mdomo wa kila injini unachomoza mrija mwembamba unaotazama mbele. Kazi yake? Injini ikivuta hewa karibu na ardhi, hujitengeneza kimbunga kidogo kati ya ardhi na mdomo wa injini, na hicho ndicho hunyanyua kokoto. Mrija unapuliza hewa iliyotolewa kwenye injini yenyewe, unakivunja kabla hakijapata nguvu. Kaskazini mwa Kanada ndege hizi zimeendelea kutua kwenye changarawe mpaka miaka yetu hii.

Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa injini ya wakati ule, JT8D, ilikuwa nyembamba na ndefu, kipenyo kama mita moja. Kelele yake wakubwa wanaikumbuka.

Mafuta yakapanda bei miaka ya 1970. Dawa ilishajulikana: injini yenye feni pana. Ni sawa na kasia. Kasia pana linasukuma maji mengi taratibu, na mpigaji hachoki upesi kama mwenye kasia jembamba linalokwenda mbio. Feni pana husukuma hewa nyingi kwa mwendo mdogo, ndege inakula mafuta kidogo na kelele inapungua. Tatizo likawa moja tu: itakaa wapi? Kati ya bawa na ardhi hapakuwa na nafasi.

Jibu lilikuja na 737-300, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1984. Injini ya CFM56 ilipunguzwa feni hadi mita 1.52. Ikatolewa chini ya bawa na kusogezwa mbele yake, ili iweze kupanda juu kidogo. Halafu zile pampu, jenereta na giaboksi, ambazo kwa kawaida hufungwa chini ya tumbo la injini, zikahamishiwa ubavuni. Gamba la nje likafuata umbo hilo, likatanuka mashavuni na kubapa chini. Basi jibu la swali la barazani ni hilo: ubapa ule ni nafasi iliyookolewa. Ndani feni yenyewe ni duara kamili.

Kizazi cha tatu, kile walichokiita Next Generation, kilianza kuruka 1997: 600, 700, 800 na 900. Hiki mimi nakiheshimu kuliko vyote. Bawa lilichorwa upya, eneo lake likaongezeka kwa robo, na matangi yakabeba mafuta zaidi kwa takriban asilimia 30. Baadaye zikaja ncha za bawa zilizopinda kwenda juu. Hewa iliyo chini ya bawa hupenda kukwepa kwa kupitia nchani kwenda juu, ikizunguka, na mzunguko huo unavuta ndege nyuma. Ile ncha iliyosimama inaupunguza, na mafuta yanaokolewa.

Kisha MAX. Desemba 2010 Airbus, wapinzani wao wa Ulaya, walitangaza A320neo, yaani ndege yao ya A320 ikiwa na injini mpya. Julai 2011 American Airlines, mteja mkubwa wa Boeing, akaagiza ndege 460 kwa mpigo: 260 za Airbus na 200 za Boeing. Boeing walikuwa bado wanatafakari kuunda ndege mpya kabisa. Mwezi uliofuata wakaizindua MAX: mwili ule ule, injini mpya ya LEAP-1B yenye feni ya mita 1.76. Mguu wa pua ukarefushwa kama sentimeta 20. Injini ikasogezwa mbele zaidi na juu zaidi.

Injini kubwa iliyokaa mbele namna ile, pua ikiinuka sana, gamba lake nalo linaanza kuinua ndege. Usukani ukawa mwepesi mahali ambapo sheria inataka uzidi kuwa mzito. Wakaweka programu inayoitwa MCAS, ya kuinamisha pua kwa kulisogeza bawa la mlalo la mkiani. Programu hiyo ilisikiliza kihisi kimoja tu cha kupima pembe ya bawa na hewa. Iliweza kurudia na kurudia. Na vitabu vya marubani havikuitaja.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ikaanguka ya Lion Air, Indonesia, wakafa watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 Ethiopian, ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, watu 157, na 32 kati yao ni Wakenya. Kwenye ndege zote mbili kihisi kilitoa vipimo vya uongo, na programu ikawa inainamisha pua ya ndege iliyokuwa salama. Marubani walipambana na kitu ambacho wa Lion Air hawakuwahi hata kuambiwa kwamba kipo.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Mzee wa Barabara ya Saba

Mwanangu fundi, umetukumbusha mbali. Sisi tulizipanda hizo 737-200 za ATC, Air Tanzania ya wakati ule, zilipokuja mwishoni mwa miaka ya sabini. Ndege unaifikia kwa miguu, unapanda ngazi, umekaa. Na kelele ndiyo hiyo uliyosema, mkiwa mnaondoka hamsikilizani na mwenzako wa kiti cha pili. Moja ndiyo ile iliyotekwa Februari 1982 ikitoka Mwanza, ikazungushwa hadi Stansted, Uingereza. Mji mzima ulikuwa redioni.

Fundi Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Kumbukumbu yako ni sahihi kabisa. Na ile kelele ilitokana na hewa kutoka injini kwa kasi kubwa mno na kugongana na hewa iliyotulia nje. Feni pana ilipokuja, hewa ya moto ikawa imezungukwa na hewa ya baridi inayokwenda polepole, ndiyo maana mngurumo ukabadilika.

Mgosi wa Makorora

Mgosi, uzi mzuri lakini Boeing umewapendelea. "Kazi ya kutukuka" gani? A320 iliruka 1987, rubani anaongoza kwa kompyuta na kijiti cha pembeni, mwili una upana wa mita 3.95, na miguu yake mirefu. Ilipofika zamu ya injini kubwa, Airbus walibadilisha injini, wakamaliza. Boeing walipaswa kuanza upya 1984, acha 2011. Kung'ang'ania mchoro wa 1967 ni kubana hela, na watu 346 wamelipia.

Fundi Chumbageni

Mgosi, hoja yako ina nguvu, na kwa 2011 tuko pamoja. Injini ya LEAP iliyofungwa kwenye A320neo ina feni ya mita 1.98, ya MAX ni 1.76, na aina ni ile ile. Hizo sentimeta 22 ndizo gharama ya mguu mfupi, na hakuna werevu wa kuzirudisha.

Ila kwa 1984 tutabishana. 737-300 ilimwezesha rubani aliyezoea 200 kuhamia kwa mafunzo mafupi, na viwanja vilivyoipokea 200 vikaipokea bila kununua mitambo mipya. Kwa shirika dogo hilo ni jambo la kufa na kupona. Halafu mifumo ya 737 ina kitu ninachokipenda kama fundi: rubani akipoteza haidroliki yote, yaani nguvu ya mafuta yenye shinikizo inayomsaidia kusukuma usukani, bado kuna nyaya za chuma na kapi kutoka usukani hadi kwenye mabawa na mkia. Ni nzito kwa mikono, lakini ndege inatii. Airbus walichagua njia nyingine ya usalama, kompyuta kadhaa zinazochungana. Njia zote mbili ni halali. MCAS haikufuata hata moja kati ya hizo: ilipewa nguvu za kompyuta bila kompyuta ya pili ya kuichunga. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko kwenye mchoro wa 1967.

Rada ya Pangani

Niongeze kitu kama mwenzako wa fani, maana umeruka sura muhimu: usukani wa mkiani, ule unaogeuza pua kushoto au kulia kwa pedali za miguu. Machi 1991 United, Colorado Springs, watu 25. Septemba 1994 USAir karibu na Pittsburgh, watu 132. Ndege zote mbili ziligeuka ghafla na kupiga chini, na wachunguzi walihangaika miaka kupata sababu. Waliokuja kuwasaidia ni marubani wa Eastwind, 1996, ambao ndege yao iliwafanyia vile vile lakini wakaishusha salama, wakasimulia walichokihisi mguuni kwenye pedali.

Sababu ilikuwa vali ya haidroliki isiyozidi kiganja. Ndani yake kuna vipande viwili vinavyoteleza, kimoja ndani ya kingine. Kwenye majaribio, vali iliyopoa sana ikapitishiwa mafuta ya moto, kipande cha nje kikakwama, na usukani ukaenda upande wa kinyume na ule ulioamriwa. Rubani anakanyaga kushoto, mkia unakwenda kulia. Mfumo mzima wa kuongoza usukani ukaundwa upya na ndege zote zikabadilishiwa.

Fundi Chumbageni

Rada, ahsante sana, sura hiyo ilistahili kuwemo. Inaonyesha pia kwamba maboresho makubwa mengine abiria hawezi kuyaona hata akitembea chini ya bawa.

Bint Raskazone

Kaka fundi, hongera kwa maelezo, hata mimi nisiye wa fani nimeelewa. Swali langu ni la roho. Mimi kazi yangu inanipeleka Mwanza mara kwa mara, na Air Tanzania wana MAX 9. Mama yangu huku Tanga nikimwambia napanda hiyo hapati usingizi. Pia kuna ile ya Marekani iliyopasuka ubavu angani. Nimwambie nini?

Fundi Chumbageni

Dada yangu, mpe mama shikamoo zangu, na wasiwasi wake ni wa haki. Nitakueleza kilichobadilika, uamue mwenyewe.

MAX zilizuiwa kuruka Machi 2019, na Marekani hawakuzifungulia hadi Novemba 2020. Sasa programu inasikiliza vihisi viwili, vikipingana inajizima. Inaweza kuinamisha pua mara moja tu kwa tukio, hairudii. Na haiwezi kuizidi nguvu ya rubani anayevuta usukani. Marubani wanafundishwa kwa jina lake, na wanaipitia kwenye simuleta, mtambo wa kuigiza urukaji.

Ya pili ni Alaska Airlines, tarehe 5 Januari 2024, MAX 9. Mwili wa MAX 9 una nafasi ya mlango wa dharura nyuma ya bawa, kwa mashirika yanayobana viti vingi. Wasiobana sana huzibiwa nafasi hiyo kwa kizibo, na kwa ndani abiria anaona ukuta na dirisha la kawaida. Kizibo hushikwa na bolti nne kisipande juu na kuchomoka. Kilifunguliwa kiwandani kwa marekebisho, kikarudishwa, bolti hazikurudishwa. Kizibo kikachomoka ndege ikiwa inapanda. Hakuna aliyekufa. Ndege 171 za aina hiyo zikasimamishwa hadi kila kizibo kikaguliwe. Lile halikuwa kosa la mchoro, lilikuwa la mikono na la karatasi: kazi iliyofanywa bila kuandikwa. Sisi mafundi tunafundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kisichoandikwa hakijafanyika, na pale kiwandani hilo halikuheshimiwa.

Mimi napanda, na familia yangu inapanda. Mwambie mama ufunge mkanda muda wote uliokaa, hata taa ikizimwa. Abiria wa Alaska wa karibu na lile tundu waliokolewa na mkanda.

Bandari Kavu

Sasa turudi nyumbani. Umesema 737 iliumbwa kwa viwanja kama vyetu. Mbona basi Tanga hatuioni? Tunabaki na ndege za pangaboi, mtu wa biashara anaona bora alale kwenye basi.

Fundi Chumbageni

Kwa sababu ndege imekua, mkuu. 737-100 ilikuwa na urefu wa mita 28.65 na uzito wa kuruka wa tani 50 hivi. MAX 9 ina mita 42 na zaidi ya tani 88, na ya Air Tanzania imepangwa viti 181. Ikijaza inataka njia ya zaidi ya kilometa mbili, tena lami nene ya kubeba uzito huo. Njia yetu ni fupi kwa jeti ya namna hiyo. Vile vifaa vya changarawe navyo viliishia kwenye 737-200, kwa kuwa injini pana iliyokaa nusu mita kutoka ardhini ingefagia mawe yote.

Kuna adha nyingine ya mwili mrefu juu ya miguu mifupi. Rubani akiinua pua haraka wakati wa kuruka, mkia unagusa lami. Ndiyo maana ndege ndefu za familia hii hukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na hutua kwa kasi kubwa zaidi. Kwenye MAX 10, ndefu kuliko zote, wameunda mguu mkuu wenye mkono wa wenzo: ndege inapoinuka, mguu unanyooka kwa sentimeta 24 hivi, kisha unajifupisha tena ili uingie kwenye shimo lile lile la zamani. Nilipoona mchoro wake niliutazama kwa muda mrefu, ni ufundi mzuri mno.

Kwa Tanga, maoni yangu ni haya: tusililie jeti. Ndege ya pangaboi ya viti 50 hadi 76 inaruka kwenye njia fupi zaidi, na kwa umbali wa Tanga hadi Dar jeti haikuokolei dakika za maana, itakuwa imepanda tu na kuanza kushuka. Tudai njia irefushwe na kuimarishwa kwa ndege hizo kwanza, na ratiba isiyobadilika kila wiki. Abiria wa Muheza, Korogwe na Pangani wapo.

Bandari Kavu

Hapo kwenye ratiba umegonga penyewe. Nimekuelewa.

Mgosi wa Makorora

Nami nakubali kuhusu nyaya na kapi, sikuwa najua. Ila Airbus yangu siiachi.

Kijana Muheza

Shikamoo kaka fundi. Nipo kidato cha nne, nasoma sayansi. Nikitaka kuwa fundi ndege nianzie wapi? Huku watu wananiambia lazima uende Ulaya.

Fundi Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Si lazima. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Dar kinafundisha matengenezo ya ndege. Shikilia fizikia, hisabati na Kiingereza, maana vitabu vyote vya kazi viko kwa Kiingereza na neno moja ukilisoma vibaya unafunga kitu vibaya. Leseni yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, baada ya mitihani na uzoefu wa kazi uliosainiwa na wakubwa wako, na inachukua miaka, usikate tamaa njiani. Kwa sasa, kama kuna gereji ya pikipiki karibu na nyumbani, nenda wakati wa likizo. Jifunze kufunga bolti kwa nguvu inayotakiwa, na kila ulichofungua kiandike kwenye daftari kabla hujakigusa kingine.

Ukimaliza mtihani nitafute hapa hapa kwenye uzi, nitakueleza taratibu za kuomba chuo.